Wakubwa Wachezeshe Wadogo: Mwongozo kwa Mwalimu wa Michezo

Kengele ya saa saba ikilia, uwanja wa shule ya msingi huwa na wenyewe. Wavulana ishirini na ushee wa P6 na P7, yaani darasa la sita na la saba, mpira mmoja, magoli ya mawe, na sehemu yote iliyo nzuri imekwisha kuchukuliwa. Tangu timu ya Onduparaka ipande Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, mvulana wa Arua habembelezwi kucheza soka. Wasichana wakubwa wako kwenye foleni ya kisima cha pampu, au wanacheza netboli kama nguzo bado zimesimama. Wadogo wa P2 na P3 wamebanana ukutani penye kivuli. Wanasukumana, wanarushiana kokwa za embe, na kabla ya saa nane kufika mmoja ameshaletwa ofisini analia.

Katika shule nyingi wale wa P1 na P2 wanakuwa wamemaliza masomo, lakini hawaendi nyumbani. Wanamsubiri dada au kaka aliye P5, kwa kuwa njia ni ndefu na barabara ya Arua kwenda Koboko ina malori na bodaboda. Wanasubiri saa nyingi, na hakuna mtu mzima aliyepangiwa kuwatazama.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa michezo, pengine bila kuulizwa, juu ya vipindi vyako vingine. Nakupendekezea klabu ya mchana: wanafunzi wa P5 na P6 wawachezeshe wadogo, mara nne kwa wiki, dakika ishirini hivi kila mara. Vifaa si tatizo. Nitavieleza kwa maneno machache. Kinachohitaji akili ni madaraka. Unampa mtoto wa miaka 12 amri juu ya watoto kumi, na amri hiyo inabidi iwe ndogo kiasi kwamba hawezi kumwumiza mtu nayo. Ukilipanga hilo vizuri, klabu itakwenda hata kwa mipira ya matambara. Usipolipanga, hata ukiletewa mipira mipya ya ngozi utakuwa umeunda genge la viranja.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1978, dunia ikijiandaa kwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto uliofuata, wataalamu wa elimu na afya jijini London walianzisha mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ambamo wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo zao usafi na afya. Karibu zaidi nasi, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimekua kwa kuwaachia vijana wenyewe waendeshe ligi zao, na timu zikapata pointi kwa kusafisha mtaa. Lakini mkoa wetu wa West Nile haukuhitaji kufundishwa hili na London wala Nairobi. Hapa mtoto wa miaka kumi analea mdogo wake tangu zamani. Ambacho hajapata kupewa ni muda wa kulea kwa kucheza.

Nani achaguliwe

Walimu wengi huanza na viranja. Usianze nao. Kiranja amezoea kuandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka ofisini, nao wadogo wanalijua hilo. Akifika uwanjani wanamtazama mikononi kwanza. Usianze pia na nyota wa soka. Yeye anataka kucheza, si kuchezesha, na baada ya dakika tano utamkuta anawapiga chenga watoto wa miaka saba.

Kaa kwenye veranda siku mbili tatu utazame. Yupo mwanafunzi anayefuatwa na wadogo bila kuwaita. Mara nyingi ni msichana ambaye kila asubuhi anakuja na wadogo zake wawili na mtoto wa jirani, anawavusha kijito, anawafuta makamasi mlangoni mwa darasa. Huyo ndiye unayemtafuta. Ila hapo pana mtego: msichana huyo tayari anachota maji, anapika, anabeba mtoto mgongoni. Ukimwongezea wadogo wa shule nzima, hukumpa uongozi, umemwongezea kazi. Kwa hiyo muulize faraghani, mpe nafasi ya kukataa, na akikataa usimchukie. Nusu ya wachezeshaji wawe wavulana, hata kama kuwapata kutachukua muda mrefu zaidi.

Waache P7. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, unawangoja Novemba, na mzazi atakayesikia mwanawe anachezesha watoto badala ya kudurusu atakuja na baiskeli yake mpaka mlangoni kwa mwalimu mkuu. P5 na P6 wanatosha. Angalia lakini kwamba P5 wa huku anaweza kuwa na miaka 11 au 15, hasa katika shule zilizopokea watoto kutoka Sudan Kusini na Kongo ambao masomo yao yalikatwa na vita. Kimo kisikudanganye upande wowote: mrefu si lazima awe mtulivu, na mfupi si lazima adharauliwe.

Hesabu yangu ni hii. Chagua kumi na wawili, wapange wawili wawili, mmoja msichana na mmoja mvulana. Kila siku jozi tatu ziwe zamu, kila jozi na watoto kumi na wawili. Kila jozi inafanya zamu mara mbili kwa wiki, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na hapo una nafasi 144 kwa wiki. P3 yenye watoto 110 imeenea, na P2 wachache wanaingia. Ijumaa iache: Arua na Koboko zina Waislamu wengi, na saa saba ya Ijumaa baadhi ya wanafunzi na walimu wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani mchezeshaji anayefunga apewe michezo ya kukaa, na asiulizwe mbele ya wenzake.

Fimbo

Wizara ya Elimu ilipiga marufuku viboko shuleni kwa waraka wa mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yakaliweka jambo hilo katika sheria. Unajua, nami najua, kwamba fimbo bado ziko nyuma ya milango. Lakini fimbo ya mwalimu ikionekana darasani asubuhi, mchana itaonekana uwanjani mikononi mwa mtoto, ndogo zaidi na yenye haraka zaidi. Mtoto hachezeshi kwa namna aliyofundishwa kwenye mafunzo ya klabu. Anachezesha kwa namna anavyotendewa mwenyewe. Kama hilo linakugusa kidogo, nimekusudia likuguse.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya klabu: mchezeshaji hashiki kijiti, hata cha kuchorea mstari. Mistari ichorwe kwa kisigino au kwa majivu. Adhabu nyingine za kienyeji, yaani kupiga magoti, kushika masikio na kuzunguka uwanja mbio, nazo marufuku. Filimbi pia siipendi. Inawasumbua walimu waliobaki darasani, na mtoto mwenye filimbi huipuliza kwa ajili ya kuisikia. Makofi matatu yanatosha.

Basi akikaidi mtoto, mchezeshaji afanye nini? Afundishwe kuketi. Anapiga makofi matatu, anachukua mpira, anaketi chini palepale. Na kila mtoto anaketi. Mchezo umesimama. Haonyeshi mtu kidole. Katika nusu dakika watoto wenyewe watakuwa wanamwambia mkaidi aache, maana muda unaliwa. Akisimama, mchezo unaendelea pale ulipokatika. Isipotosha, anaubadilisha mchezo. Isipotosha tena, anakuita wewe. Hayo ndiyo madaraka yake yote: kusimamisha, kubadilisha, kumwita mwalimu. Kumtoa mtoto mchezoni ni kazi yako, si yake.

Nawe uwe wapi? Uwe pale unapoonekana. Kula chakula chako chini ya mwembe unaotazama uwanja badala ya kula ofisini; huhitaji kufanya zaidi ya hapo. Siku ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuonekana, hakuna klabu, na wachezeshaji waambiwe hivyo mapema ili wasije wakaendesha peke yao.

Mafunzo na mchezo mmoja kwa undani

Wiki ya kwanza wachezeshaji wacheze wenyewe kwa wenyewe, huku wewe ukiwachezesha. Wiki ya pili wachezeshane. Wiki ya tatu walete wadogo, lakini jozi moja tu kwa siku, wengine watazame na baadaye waseme walichoona. Usiwape daftari la maelezo. Michezo mitatu au minne inatosha kwa muhula mzima. Mtoto wa P2 hachoki na mchezo anaoujua, anachoka na maelezo.

Chukua mchezo ambao Tanzania unaitwa rede na Kampala unaitwa kwepena. Warushaji wawili wanasimama wakitazamana, hatua kumi kati yao. Walio katikati wanakwepa mpira. Ukichezwa kwa kawaida yake, anayepigwa anatoka. Tazama wanaotoka kwanza: mdogo kuliko wote, mnene, asiyeona vizuri, aliyekuja bila kula. Wanaobaki ni wale wepesi ambao hawakuhitaji klabu, na waliotoka wamesimama juani wakitazama wenzao. Umerudia ukuta ule ule wa mwanzo.

Geuza sheria moja tu. Anayepigwa hatoki; anabadilishana na mrushaji. Mtoto aliyekuwa akipigwa sasa ndiye anayerusha, na uso wake utauona. Mrushaji naye anaingia katikati, ambako kila mtu alitaka kuwa. Hakuna anayekaa nje, na hakuna mshindi wa kutangaza. Watoto wa P6 watalalamika kwamba mchezo usio na mshindi si mchezo. Waambie wahesabu mikwepo ya kundi zima kwa sauti, kwa pamoja, na kesho wajaribu kuipita hesabu hiyo. Hapo ushindani upo, ila ni wa kundi na jana yake.

Kuna ugomvi mmoja utakaotokea kila siku, kwa hiyo ufanyieni mazoezi. Mpira umempitia mtoto karibu kabisa.

“Umepigwa!”

“Sijapigwa, umegusa shati!”

Mchezeshaji asiamue. Hakuona vizuri, na hata kama aliona, akianza kuamua ataamua siku nzima, na jioni atakuwa na maadui sita. Aseme neno moja, “Rudia,” na mpira urushwe tena. Akikataa mtu, makofi matatu, chini. Mvulana wa P6 aliyezoea kuwa refa wa soka ataliona hili gumu kuliko kitu kingine chochote, na itakubidi umkumbushe zaidi ya mara moja kwamba hakuitwa kuhukumu.

Mpira wa rede hutengenezwa kwa matambara yaliyojazwa kwenye soksi kuukuu na kufungwa kwa nyuzi za gunia, kisha vipande vya tyubu ya baiskeli juu yake. Usizidi ukubwa wa embe kubwa, na usiumize: mchezeshaji aujaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe. Mchezo wa pili, mbio za kupokezana kwa magunzi ya mahindi badala ya vijiti, timu nne za watoto watatu. Wa tatu, kamba, inayozungushwa na wakubwa. Wavulana wataitazama kamba kwa dharau mpaka watakapoijaribu. Soka lipo, lakini kwa viwanja vidogo viwili na timu za watoto watatu watatu, ili kila mguu uguse mpira. Aliye na viatu avue, au wote wavae. Kwa kuwa wengi hawana, hiyo inamaanisha wote pekupeku, na kabla ya hapo wachezeshaji wapite uwanja kwa mstari mmoja wakiokota miiba, chupa na mawe. Mbuzi wa jirani watahamishwa kwa adabu.

Chakula

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeliacha suala la chakula mikononi mwa mzazi. Matokeo yake unayajua: katika darasa moja wapo waliolipiwa mahindi na maharage, wapo waliokuja na muhogo kwenye mfuko, na wapo ambao chakula chao cha mwisho kilikuwa jana usiku. Hawa watatu huwezi kuwakimbiza sawasawa saa saba na nusu ya mchana.

Kwa hiyo kila siku, bila kukosa, pawe na mchezo wa kukaa kivulini: mdako kwa vijiwe, au mweso kwa mashimo yaliyochimbwa ardhini. Mtoto yeyote akitaka kwenda kukaa huko aende, wakati wowote, na mchezeshaji asiulize sababu. Asiseme kamwe “nani hajala?” Mwenye njaa atajipeleka mwenyewe akiona kwamba wapo pia walioshiba wanaocheza pale. Ukiona jina lile lile kwenye mweso wiki nzima, hiyo ni habari yako wewe na mwalimu wa darasa.

Wachezeshaji nao wale kwanza. Kama shule inapika uji, walio zamu wapewe mbele ya foleni. Ndiyo malipo pekee ninayoyashauri. Klabu ianze saa saba na nusu, imalizike saa nane kasoro dakika kumi, ili wapate kunywa maji na kunawa. Jerikeni moja yenye bomba au tundu ikae kivulini, kila mtoto anywe kwa kiganja kilichonawa au kikombe chake.

Jua, radi, na lugha

Muhula wa kwanza unaanza Februari, jua la West Nile likiwa kali na vumbi likiwa jingi. Miezi hiyo michezo yote iwe chini ya miembe, dakika kumi na tano tu. Mtoto akiacha kutoka jasho, akiumwa kichwa, au akianza kusema ovyo, analazwa kivulini na mwalimu anaitwa mbio.

Mvua ndiyo inayonitisha zaidi. Mwezi Agosti 2020, hapa hapa Arua, watoto kumi walikufa kwa radi baada ya kuacha mpira na kujihifadhi kwenye kibanda. Mwaka 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, na kuua wanafunzi 18. Kwa hiyo hapa mchezeshaji hapewi hiari yoyote: ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama mvua haijafika, mpira unaachwa ulipo na wote wanaingia darasani, kwenye jengo kubwa la matofali, mbali na kuta, madirisha na nondo. Si chini ya mwembe, si veranda, si nyumba ya nyasi. Hawatoki mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Lifanyieni zoezi siku kavu, mpaka wa P1 ajue. Na kwenye mkutano wa kamati ya shule, uliza juu ya kifaa cha kukinga radi. Uliza tena mkutano unaofuata.

Kuhusu lugha: tangu 2007 madarasa ya chini yanafundishwa kwa lugha ya mama, yaani Kilugbara upande wa Arua na Kikakwa upande wa Koboko. Lakini uwanjani utakuta Kiarabu cha Juba, Kilingala, Kinubi, na Kiswahili cha watoto wa Kongo walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Lobule. Mchezeshaji aonyeshe mchezo kwanza kwa mwili, bila maneno, kisha aucheze mara moja taratibu. Kwa maneno machache yanayobaki, Kiswahili kinafaa kwa sababu si cha kabila la mtu: simama, rudia, badilisha, keti, na kuhesabu moja mpaka ishirini. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni; walimu wake hawajatosha, ila mikwepo ya rede inahesabika hata bila mwalimu. Mtoto asiyesikia au asiyetembea vizuri asifanywe mtazamaji: arushe mpira, azungushe kamba, atunze hesabu kwa vijiwe.

Yanayobaki ni ya usalama na hayana mjadala. Mchezeshaji habaki peke yake na mtoto darasani wala chooni. Wadogo waende chooni wawili wawili. Damu ikitoka haiguswi kwa mkono mtupu. Anaitwa mwalimu, ambaye anaosha kwa maji safi na sabuni. Mkono au mguu ulioumia hauvutwi, haukandwi. Wasichana wavae kaptula ndani ya gauni, na hilo uwaambie wazazi wewe, mapema.

Mzazi atakuja. Atasema, “Mwalimu, nimemleta asome, si kulea watoto wa watu.” Usimjibu kwa hotuba juu ya uongozi. Mwonyeshe ratiba: mara mbili kwa wiki, dakika ishirini, baada ya kula. Mwambie mwanawe anaweza kujitoa wiki yoyote. Kisha umkaribishe aje kutazama Alhamisi.

Muhula wa tatu, wachezeshaji wa P6 wakielekea kuingia P7, kila jozi ichague P4 wawili na kuzunguka nao wiki nne, mbili za kutazama na mbili za kuchezesha huku wakubwa wakinyamaza. Chaguo lao lipitie kwako, kwa sababu watamchagua rafiki. Gunia la mipira na kamba likae ofisini kwa mwalimu mkuu, si nyumbani kwa mwanafunzi, na kabla ya likizo ya Desemba matambara yafuliwe na kukaushwa, panya wasije wakayapata kwanza.